Mume Aliyeninunia

Machi 19
Ukungu tangu alfajiri. Kila mwaka katika daftari hili huandika habari za chai tu: umande ulikauka saa ngapi, jua lilitoka au halikutoka, vichipukizi vimefika wapi. Mwaka huu nitamwandika na mume wangu humu, maana sina pengine pa kumsemea.

Bun-hiong amenuna. Si kule kununa kwa siku mbili tatu kwa watu waliogombania chumvi. Amenuna tangu tulipomaliza chai ya Novemba. Leo nimejikaza nikamuuliza, "Baba Pei, nimekukosea nini?" Akanitazama kama mtu anayetazama ukuta. "Hujanikosea," akasema, kwa sauti ndogo hata ikabidi nimwombe arudie. Hakurudia.

Miaka thelathini na minne ya ndoa. Zamani nikiingia tu na kikapu mgongoni alikuwa na neno la kunichokoza.

Machi 22
Jua la saa mbili. Shamba la chini, vichipukizi vimefikia pingili ya kidole.

Machi 27
Mdomo umevimba. Amenipiga usingizini, ngumi kavu, huku akipiga kelele "Toka! Toka!" Nilipomwamsha akasema alikuwa anafukuza nguruwe mwitu shambani. Mwezi uliopita alikuwa anafukuza mbwa, teke likanipata kwenye nyonga. Kwa nini wanyama wote hao waje kulala upande wangu wa kitanda?

Moyo wa mtu ukijaa, usingizini hufurika. Nimehamia chumba cha zamani cha binti yetu, Pei-rong.

Aprili 1
Mvua. Siku nzima nimepata kwake maneno manne: wali, mwavuli, chai, lala.

Aprili 5
Siku ya kufagia makaburi. Tulipanda sote: sisi wawili, binti yetu Pei-rong na mumewe kutoka mjini Taichung, shemeji yangu Bun-liong na mkewe. Njia ile Bun-hiong ameipanda tangu utotoni, lakini leo alibaki nyuma ya wote, kiatu cha kulia kikikwaruza mawe. Bun-liong, ambaye mdomo wake haujui likizo, akageuka akamwambia, "Kaka, unatembea kama bwana harusi aliyelazimishwa!" Tukacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alitukodolea macho tu.

Kuwasha ubani kulimchukua muda hadi mkwe wetu akamsaidia.

Kisha Pei-rong, mikono ameikunja tumboni, akasema mbele ya kaburi la babu yake kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Miaka sita wamengoja. Mimi nikapiga yowe, mke wa Bun-liong akapiga yowe, hata mkwe wetu asiyejua kuongea akaongea. Bun-hiong akasema, "Vizuri." Basi. Akaenda nyuma ya kaburi kung'oa magugu.

Pei-rong alilia ndani ya gari. "Mama, baba hanitaki? Au kwa vile nimeolewa mbali?" Nikamwambia baba yako amechoka. Mke wa Bun-liong akaninong'oneza, "Siu-kim, mwanamume akikaa hivyo nyumbani, jua kuna pengine anapochekea."

Tangu tuliporudi neno hilo linanitafuna.

Aprili 9
Leo ameandika majina kwenye karatasi za makopo ya chai. Kazi hiyo huwa yake, ana mwandiko mpana, wateja wanausifia. Makopo matatu ya kwanza yalikuwa na herufi za kawaida, kisha zikaanza kusinyaa, na kufika la kumi zilikuwa kama sisimizi wamejipanga. Nikamwambia, "Unabania wino siku hizi?" Nilikusudia mzaha. Akazibandua karatasi zote akazitia motoni.

Aprili 11
Zahanati, kwa ajili ya bega lake la kulia. Daktari kamwambia ni umri, kambandika plasta yenye dawa. Nilisema anatembea pole pole pia. "Na wewe je, mama, unakimbia?" daktari akaniuliza. Tukarudi.

Aprili 16
Jua. Tumeanza kuchuma.

Wachumaji wamekuja saa mbili na nusu, kumi na wanane, nyembe za kukatia vichipukizi zimefungwa kwenye vidole vya shahada, vitambaa usoni, macho tu. Kiongozi wao ni yule yule Bi Gwat-o, ana miaka sabini na miwili, huhama na wanawake wake kutoka mlima huu hadi ule. "Siu-kim, umekonda! Mumeo anakunyima wali?" alinipigia kelele kutoka barabarani. Nikamjibu, "Wali upo, mdomo wa kula ndio umeondoka." Wakacheka wote.

Majani yalilala juani kwa saa moja, kisha tukayaingiza ndani kwenye nyungo. Kazi yetu yote iko hapo. Majani yakiingia yananuka nyasi mbichi. Unayarusharusha kwa mikono, unayaacha yapumzike, unayarusha tena, na baada ya saa nyingi ile nyasi inaondoka na badala yake linakuja ua. Hapo ndipo Bun-hiong huita "Moto!" nasi tunayamimina kwenye pipa la kukaangia. Ukiita mapema, chai ni nyasi. Ukichelewa, ua limekufa. Mlima mzima unajua kwamba pua ya Bun-hiong haijawahi kukosea.

Lakini naandika jambo lililonichoma. Kila niliponyanyua pazia la chumba cha nyungo kuleta kitu, aliniita, "Siu-kim, simama hapo kwanza." Nikasimama mbele ya nyungo. Akanitazama usoni, bila kupepesa, kama askari anayemtazama mwizi. Kisha, "Haya, nenda." Baada ya nusu saa tena, "Siu-kim, njoo." Mara tano! Mara ya mwisho nilikuwa bado nimesimama alipogeuka akaita moto.

Chai imetoka nzuri. Mimi nimetoka nimedhalilika.

Aprili 18
Jana tuligombana. Au niseme nimegombana peke yangu, maana yeye hakujibu. Aliponiita tena nisimame mbele ya nyungo, nilimwambia mbele ya Bun-liong, "Kama una mwanamke, mtazame huyo! Mimi nimechoka kupimwa kama ng'ombe wa mnada!" Nikaenda kulala kwa mke wa Bun-liong na sikurudi hadi kumekucha.

Asubuhi niliingia chumba cha nyungo na pua yangu ikajikunja mlangoni. Nyasi. Chai yote ya shamba la kati, majani ya wanawake kumi na wanane siku nzima, imekaangwa ikiwa bado mbichi. Bun-liong alikuwa ameinamisha kichwa. Bun-hiong alishika gao la majani, akalipeleka puani, akasema, "Nzuri hii."

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake ya kisimani, "Ungekuja."

Yaani kosa ni langu! Kaharibu chai kwa makusudi ili kunikomoa, na kosa ni langu.

Aprili 19
Nimempigia Pei-rong. Wachumaji wakimaliza shamba la juu, nakwenda kukaa kwake. Mtoto atakapozaliwa watahitaji mtu. Sikumwambia mengine. Mkoba nimeuweka chini ya kitanda.

Aprili 20
Mvua.

Aprili 21
Mvua. Bado nafua nguo zake. Sijui kwa nini.

Aprili 23
Sijui nianzie wapi.

Jua lilitoka saa nne. Saa sita niliwapelekea chakula wachumaji waliokuwa wakimalizia kingo za shamba la kati. Bun-hiong alipita kwenye njia ya chini akielekea kwenye mashine. Bi Gwat-o alishusha bakuli lake akamfuata kwa macho hadi akapotea.

"Siu-kim," akasema, "mumeo mkono wake wa kulia umelala."

"Umelala vipi?"

"Mtu akitembea mikono yake humfuata. Wake wa kushoto unamfuata, wa kulia umening'inia kama soksi kwenye kamba. Hebu niambie, anapigana usingizini?"

Nikajikuta nimeugusa mdomo wangu. Akaendelea.

"Choo anapata?"

"Bi Gwat-o, tunakula!"

"Nijibu."

"Kwa shida. Miaka sasa."

"Sauti? Imeshuka? Mwandiko je? Anafunga vifungo vya shati kwa muda gani? Na uso, Siu-kim. Uso wake. Anakuangalia kama amekununia?"

Hapo niliweka kikapu cha chakula chini.

Akaniambia habari za kaka yake, fundi seremala wa mji wa Changhua. Miaka mitano walisema ana kiburi, hasemi na watu, hacheki. Mkewe akasema huyu hanipendi tena, akachukua watoto akaondoka. "Alipoanza kutetemeka ndipo tukampeleka hospitali kubwa. Wakasema ugonjwa wa Parkinson, na kwamba ulianza zamani, tena kwa hayo hayo tuliyokuwa tukimsema. Watu wote wanangoja mkono utetemeke, mdogo wangu. Ule ugonjwa hauji na ngoma. Huingia kimya, unakwenda kufunga madirisha ya nyumba moja moja, na mwenye nyumba yumo ndani."

"Mke wake alirudi?"

"Alirudi kwenye mazishi." Akachukua bakuli lake. "Jambo moja sijakuuliza. Pua. Kaka yangu alikuwa hasikii hata harufu ya gundi. Lakini mumeo, pua ndiyo kazi yake, kwa hiyo labda mimi ni mzee ninayeropoka."

Sikumaliza kugawa chakula.

Aprili 24
Leo jioni nilitia chai kwenye vikombe viwili. Kimoja ni ile nzuri ya tarehe kumi na sita, kingine ni ile iliyoharibika. Nikaviweka mezani nikamwambia, "Baba Pei, ninusie hivi. Kipi ni kipi?"

Alivitazama vile vikombe muda mrefu. Hakuviinua. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa juu ya goti, kikisuguana na kidole cha pili, pole pole, kama mtu anayeviringisha jani. Sijui kimekuwa kikifanya hivyo tangu lini. Mimi nilikuwa natazama uso tu, natafuta hasira.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Jana. Na wewe?"

"Miaka mitatu. Yale mafua ya mwaka mpya, nilidhani ni mafua tu. Nikangoja yapone."

"Miaka mitatu umekuwa ukiita moto kwa kutumia nini?"

Akaniangalia kwa macho yale yale ya askari. "Kwa kukutazama wewe."

Sikuelewa. Akanieleza, neno baada ya neno, nami nimemsogelea karibu ili nimsikie. Kwamba nikisimama mbele ya nyungo majani yakiwa bado nyasi, pua yangu hukunjika upande wa kushoto. Nyasi ikianza kuondoka, hukunjuka. Na ua likija, mimi hufumba macho kidogo bila kujua. "Ukifumba macho, naita."

Miaka mitatu. Ile chai ambayo watu wa mlima mzima wameisifia ilikuwa ikitoka usoni pangu, na mimi nikadhani uso wangu unamchukiza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtengeneza chai asiye na pua ni nini, Siu-kim? Niambie jina lake."

Nikamuuliza kuhusu mimba ya Pei-rong, kwa nini alisema neno moja tu kama mtu anayejibu bei ya kabichi. Akasema alipokwenda nyuma ya kaburi kung'oa magugu alilia hadi pua ikatoka maji. "Nilidhani mmeniona nimefurahi," akasema. "Ndani nilikuwa nimefurahi sana. Nilidhani inaonekana."

Nimeutoa mkoba chini ya kitanda. Yeye alikuwa akijua upo. Alisema alikuwa akiuona kila anapofagia.

Mei 2
Hospitali kubwa ya Taichung. Pei-rong alituandikisha. Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Hakumtoa damu, hakumweka kwenye mashine kwanza. Alimwambia atembee ukumbini, ageuke, arudi. Agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka: mkono wa kushoto uligonga kama mvua, wa kulia ulianza vizuri, ukapungua, ukakwama. Achore mviringo kama konokono. Konokono wa mkono wa kulia alikuwa mdogo hata hakuwa na nafasi ya kuingia mwenyewe.

Nikamwambia kila kitu, hata ngumi, hata choo. Akawa anaitikia kwa kichwa kila kimoja, na kila alipoitikia nilitamani asiitikie. Akasema ndiyo, ni Parkinson. Dawa zipo, zitausaidia mwili wake utii, afanye mazoezi, aishi. Kuponya, haziponyi. Zahanati nyingi huuona ukiwa umeshakomaa, akasema, kwa hiyo sisi tumewahi. Tumewahi! Nilitaka kumuuliza tumewahi wapi.

Bun-hiong aliuliza swali moja tu. "Pua itarudi?"

"Pua, baba, kwa kawaida hairudi."

Akainuka akamshukuru kwa kuinama. Kwenye lifti kifungo cha koti kilimshinda. Nilitaka kumfungia, nikaogopa kumdhalilisha mbele ya watu, kisha nikaogopa kutomfungia. Tulishuka ghorofa saba koti likiwa wazi.

Mei 6
Mvua imewahi mwaka huu, wiki mbili kabla ya wakati wake.

Nilikaa jikoni nikayahesabu niliyomwambia tangu Novemba. Gogo. Jiwe la kaburi. "Unasubiri nife?" Hilo nilimwambia mara mbili. Na yeye alikuwa humo ndani, madirisha yamefungwa, akinisikia vizuri kabisa. Masikio hayakuugua.

Mei 8
Mvua. Dawa inamtapisha. Uso ni ule ule.

Mei 10
Pei-rong amepiga simu. Anataka tuuze mashamba tuhamie kwake. "Mama, utamlinda vipi mlimani? Akianguka je? Utambeba?" Nikamwambia sitaki kusikia. Nilipokata simu nikaona ana haki. Shamba la juu halijachumwa na majani yanazidi kukomaa mvuani. Bi Gwat-o anasema akingoja zaidi ya Jumapili atakuwa amevunja ahadi ya mlima mwingine.

Nimesali kwa mababu, nimesali kwa mungu wa ardhi pale njia panda. Nilisahau kuomba jua. Niliomba uso wake tu.

Mei 14
Jua, siku moja! Tumechuma shamba la juu.

Kabla ya kuingiza majani, Bun-hiong aliwakusanya Bun-liong na mkewe, na Bi Gwat-o aliyekuwa akinawa mikono. Akaanza kusema. Hakuna aliyesikia. "Sema kwa sauti, kaka, unatuombea dua?" Bun-liong akatania. Ikabidi niseme mimi. Nikasema ana ugonjwa gani, nikasema uso haununi, umekwama. Nikasema na habari ya pua.

Bun-liong alikaa chini pale pale kwenye saruji. "Mimi nimekuwa nikimcheka anavyotembea," akasema. Akarudia mara ya pili, kana kwamba tulikuwa hatujui.

Halafu ikawa zamu yangu. Bun-hiong alinivutia kiti mbele ya nyungo. "Usinitazame," akaniambia. "Wewe mwenyewe ita."

Nami sikuweza. Miaka yote pua yangu ilifanya kazi bila kuambiwa, na siku ilipoambiwa ikanikimbia. Nilinusa nyasi. Nilinusa ua. Nikanusa tena nyasi. Nikafumba macho kwa makusudi ili nione kama nitajua nilichokuwa nikikijua, na nikahisi kila mtu amesimama ananingoja. Nikaita, "Moto!" Sauti ikatoka kama ya kuku.

Niliita nimechelewa. Chai si mbaya. Ni chai tu, ya kuteremshia wali. Bun-liong aliinusa akasema, "Nzuri, shemeji," akaangalia pembeni.

Tulibaki wawili, mimi na Bun-hiong. Kisha akasema, "Mimi ya kwanza niliichoma. Baba alinipiga na ungo." Nililia sana, si kwa sababu ya chai.

Mei 15
Wachumaji wameondoka. Bi Gwat-o alinishika mashavu yangu kwa mikono yake yenye makovu ya nyembe, akasema, "Usimsemee. Mngoje amalize sentensi." Nikamwuliza kaka yake aliishi miaka mingapi baada ya kujulikana. Akanijibu kumi na tatu. Akaongeza kwamba saba kati ya hiyo ilikuwa ya kuishi kweli.

Mei 23
Mvua. Anatembea ukumbini asubuhi na jioni huku nikimhesabia, moja mbili, mkono juu. Leo alikwama mlangoni, miguu imegandana na sakafu kama imetiwa gundi. Alisimama akitazama kizingiti. Nami nilisimama nyuma yake, sijui nimsukume au nimvute. Sijawahi kuogopa kizingiti cha nyumba yangu.

Mei 30
Mvua. Amejifungia vifungo vitatu. Cha nne kimemshinda. Sikuingilia.

Juni 8
Mvua ya mfululizo, siku ya kumi na moja. Njia ya juu imekatika kwa maporomoko.

Bun-liong na mkewe walikuja kula maandazi ya mvuke. Tangu ile siku ya shamba la juu, Bun-liong alikuwa akiingia hapa kama anaingia msibani, anaongea kwa upole, anamwita kaka yake "kaka mpendwa" hadi unataka kumfukuza. Leo mkewe alimlazimisha asimulie jinsi bata bukini wa mama mkwe wake alivyomkimbiza hadi bwawani akiwa na viatu vipya vya harusi ya mpwa wao. Alianza kwa kusitasita. Kisha akanogewa, akasimama, akamwigiza bata bukini yule kwa shingo na mabawa, akaonyesha alivyoomba msamaha kwa ndege mbele ya wageni. Mkewe alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, mbavu zikaniuma.

Bun-hiong alikuwa kwenye kiti chake, uso kama ubao, macho kwa mdogo wake. Bun-liong alipomwona hivyo sauti ikamwishia. Akakaa, akaanza kupangusa meza isiyo na kitu.

Nikahisi mkono wa nguo yangu unavutwa.

"Na mimi nacheka," Bun-hiong akasema.

Nikainama. "Unasemaje?"

Nilimngoja. Ilichukua muda.

"Nasema nacheka. Sana. Waambie."

Nikageuka nikasema kwa sauti, "Baba Pei anacheka."

Bun-liong alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akasimama, akavuta kiti pembeni apate nafasi, akaianza tena habari ya bata bukini tangu mwanzo.